Pua yenye cheo kuliko mwenye pua: jibu kwa msomaji wa Gogol na Chekhov

Swali: Shikamoo Mwalimu. Sisi ni kikundi kidogo cha kusoma vitabu, na safari hii tumesoma hadithi fupi za Warusi wa zamani: "Pua" na "Koti" za Gogol, "Kifo cha Karani" na "Mnene na Mwembamba" za Chekhov. Wenzangu wamecheka sana, mimi nimebaki nimeduwaa. Pua inatoka usoni, inavaa sare, inapanda gari la farasi, na hakuna anayepiga yowe! Mmoja wetu anasema pua ni uume, mwingine anasema ni serikali ya tsar, yaani mfalme wa Urusi, wa tatu anasema ni ndoto tu. Na yule karani aliyempigia chafya mkubwa, kwa nini hakunyamaza baada ya kusamehewa? Mtu anakufaje kwa chafya? Nahisi wenzangu wana ufunguo ambao mimi sina. Mwezi ujao ni zamu yangu kuongoza mazungumzo juu ya "Koti", na naogopa nitaaibika.

Marahaba, mwanangu. Hakuna ufunguo uliofichwa mahali ukakupita. Kuduwaa kwako ni usomaji mzuri kuliko unavyodhani, maana umegusa mambo mawili ambayo wengi huyaruka wakicheka: kwamba katika hadithi hizi lisilowezekana halimshtui mtu, na kwamba jambo dogo kabisa linaweza kuua. Umeyauliza kama maswali mawili. Mimi naona jibu lake ni moja, nalo limo katika vyeo.

Tuanze na vyeo vyenyewe, kwa sababu Gogol na Chekhov waliwaandikia watu walioishi navyo kila siku, hawakuwa na haja ya kuvieleza. Mwaka 1722 Tsar Peter Mkuu alitoa Jedwali la Vyeo. Watumishi wote wa dola, wa jeshi, wa ofisi za kiraia na wa ikulu, walipangwa katika madaraja 14, la 14 likiwa chini kabisa na la 1 juu kabisa. Jedwali hilo lilidumu hadi mapinduzi ya 1917. Kila daraja lilikuwa na haki zake, na cheo kilisomeka kwenye sare, kola na vifungo. Lugha nayo ilipimwa: wa daraja la 14 hadi la 9 waliitwa kwa namna moja ya heshima, wa 8 hadi 6 kwa namna nyingine, na wa juu yao kwa namna nyingine tena. Ukikosea kumwita mtu, umemvunjia heshima hadharani. Hata msafiri akifika kituo cha kubadilisha farasi, idadi ya farasi aliyostahili ilifuata cheo chake. Pushkin, mwandishi mwingine wa Kirusi, katika hadithi ya msimamizi wa kituo cha namna hiyo aliyoitoa 1831, anauliza ingekuwaje kama badala ya cheo kuheshimu cheo, akili ingeheshimu akili. Anajibu kwamba ugomvi usingekwisha, na watumishi wasingejua chakula waanze kumpelekea nani.

Hapa kuna kosa ambalo wasomaji wengi wa leo hulifanya, na huenda kikundi chenu mmelifanya: kudhani kwamba cheo maana yake ni utajiri, na kwamba hizi ni hadithi za maskini na matajiri. Sivyo hasa. Akaky Akakievich, karani wa "Koti", yuko daraja la 9. Chini yake kuna madaraja matano mazima! Lakini mshahara wake ni rubli 400 kwa mwaka, na anakunja shingo kwa baridi ndani ya koti ambalo wenzake ofisini hawakubali hata kuliita koti. Kilichomfunga ni umaskini pamoja na mpaka. Zamani hizo, mtumishi wa kiraia aliyefika daraja la 8 alipata uungwana wa kurithiwa na watoto wake (mwaka 1845 mpaka huo ulisogezwa juu hadi daraja la 5). Kwa hiyo daraja la 9 lilikuwa kizingiti ambacho karani asiye na ukoo wala elimu aliweza kukikalia mpaka anazeeka, mlango akiuona mbele yake.

Na Kovalev, yule aliyepotewa na pua? Yeye ni daraja la 8. Amevuka. Tena amevuka kwa njia ya mkato, na Gogol anaitaja waziwazi: alikipatia cheo chake Caucasus, milimani kusini mwa Urusi. Tangu 1809 mtu wa kupanda hadi daraja hilo alitakiwa awe na cheti cha chuo kikuu au afanye mtihani, lakini waliokubali kwenda kutumikia Caucasus walilegezewa masharti. Ndiyo maana Kovalev anapenda aitwe "Meja", cheo cha kijeshi kinacholingana na daraja lake, kwa kuwa kina mlio mkubwa zaidi. Ni mtu aliyepanda juzijuzi, na bado anashika reli kwa mikono miwili.

Sasa tazama pua. Kovalev anapoiona ikishuka garini, imevaa sare iliyodariziwa kwa dhahabu, kola ndefu, upanga kiunoni, na kofia yenye manyoya. Kwa kofia ile mtu anatambua mara moja: huyu ni wa daraja la 5. Pua imempita mwenyewe kwa ngazi tatu! Anaifuata hadi ndani ya Kanisa Kuu la Kazan, pale St Petersburg, anaikuta inasali kwa unyenyekevu, na anashindwa aanzeje kusema nayo. Anakohoa. Anazunguka maneno. Anaongea na kiungo cha uso wake mwenyewe kama mwombaji aliyesimama mbele ya mkubwa. Pua inamtazama, inakunja nyusi, na kumwambia kwamba hakuna uhusiano wa karibu unaoweza kuwa kati yao, kwa sababu vifungo vyake vinaonyesha anatumikia idara nyingine.

Soma tena ukurasa ule polepole. Ajabu yenyewe ni moja tu, kwamba pua imetoka. Gogol ameitoa kwa sentensi chache bila kuitolea sababu, na baada ya hapo kila kitu kinakwenda kwa kanuni. Ikiwa mtu ni cheo chake, na cheo kinajulikana kwa sare, basi chochote kilichovaa sare ya daraja la 5 ni mtu wa daraja la 5. Kovalev hawezi kuipinga pua bila kuupinga mfumo uliompa yeye mwenyewe cheo cha umeja. Ndiyo maana hapigi yowe. Upuuzi ule ni sheria za nchi yake zilizofuatwa kwa uaminifu hadi mwisho, zikafika mahali ambapo akili inakataa kufika.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni huu: uache kuitazama pua, watazame wanaokutana nayo. Karani wa gazeti anakataa kuchapa tangazo la pua iliyopotea. Haoni kwamba jambo haliwezekani, ila anahofia gazeti litapoteza sifa yake. Mkuu wa polisi wa mtaa, aliyetoka kula na anataka kulala, anasema mtu mwenye heshima zake hang'olewi pua. Askari anayeirudisha anaeleza kwamba waliikamata ikipanda gari la kwenda Riga, ina pasi ya kusafiria yenye jina la ofisa, na kwamba hata yeye kwanza alidhani ni bwana mkubwa, bahati alikuwa na miwani yake. Kisha anasimama kidogo, na Kovalev anaelewa, anamtia noti mkononi. Kila mmoja anashughulikia jambo lisilowezekana kama faili jingine la ofisini. Na Kovalev mwenyewe analia nini? Analilia ziara zake kwa mabibi wa heshima, na kazi ya unaibu gavana aliyoijia mjini. Kunusa anakutaja kwa kupita tu, kwa hasira, karani wa gazeti anapomkaribisha ugoro.

Kuhusu ubishi wenu wa maana ya pua, nitaupima kwa haki. Anayesema ni uume hajatunga kichwani. Wapo wahakiki waliosoma hivyo kwa makini, na hadithi inawapa ushahidi, maana hofu ya Kovalev imejaa wanawake na ndoa. Anayesema ni dola ya tsar naye ana lake: hadithi ilipotoka 1836 katika jarida la Pushkin, wakaguzi wa serikali hawakukubali pua isali kanisani, wakaihamishia kwenye jengo la maduka. Na wa ndoto ana haki ya kuhisi ndoto. Udhaifu wa wote watatu ni mmoja: wanataka pua isimame badala ya kitu kingine, na kitu hicho kikishatajwa hadithi iwe imekwisha. Gogol aliikwepa njia hiyo makusudi. Katika ukurasa wa mwisho msimulizi anasema waziwazi kwamba haelewi, na kwamba hadithi ya namna hii haina faida yoyote kwa nchi. Ukinilazimisha kuchagua, nitachagua cheo, kwa sababu ndicho kinachoiendesha kila sahifa, hata zile ambazo hazina mwanamke wala polisi. Lakini sitakwambia kwamba pua "ni" cheo. Pua ni pua, imevaa sare, na hilo ndilo tatizo la Kovalev.

Twende kwa Chekhov, kwa yule karani wako. Miaka karibu hamsini imepita tangu "Pua". Mwaka ni 1883, na mwandishi ni kijana wa miaka 23, mwanafunzi wa udaktari Moscow, anayeandikia majarida ya vichekesho ili apate fedha za kulisha familia. Babu yake alizaliwa akiwa mali ya bwana shamba, akajinunua yeye na wanawe. Kwa hiyo kijana huyu haandiki juu ya unyenyekevu kwa kusimuliwa, ameukuta nyumbani.

Karani Cherviakov amekaa ukumbi wa maonyesho, safu ya pili. Anapiga chafya. Mbele yake mzee mmoja anajifuta kipara na shingo. Kumbe ni Brizzhalov, mkubwa wa daraja la jenerali, upande wa kiraia. Wewe umeuliza kwa nini hakunyamaza aliposamehewa, na hapo ndipo pa kuchimba. Zingatia mambo mawili ambayo wasomaji huyapita mbio. La kwanza, Brizzhalov si mkubwa wake wa kazi. Ni wa idara nyingine kabisa. Cherviakov mwenyewe analiwaza hilo palepale, na mke wake baadaye anashtuka, kisha anatulia anaposikia kwamba yule mzee si bosi wao. La pili, Brizzhalov si katili. "Si kitu, si kitu," anasema. Anataka kutazama mchezo wake. Ukisoma ukidhani hii ni hadithi ya mnyonge aliyeuawa na mwonevu, utakuta mwonevu hayupo.

Basi nani kaua? Fikiri jinsi msamaha unavyofanya kazi. Nikisema nimekusamehe, wewe unapaswa kuniamini, na kuniamini kunataka unione mimi ni mtu kama wewe, mwenye moyo unaoweza kusahau. Cherviakov hawezi. Mbele yake hakuna mtu mwenye kipara kilicholowa, kuna cheo, na cheo hakina uso wa kusomeka. Mkubwa akisema "si kitu", huenda amekasirika na anaficha. Akinyamaza, amekasirika zaidi. Njia pekee aliyofundishwa ya kushughulika na mkubwa ni kuomba, basi anaomba: ukumbini, wakati wa mapumziko, kesho yake ofisini akiwa amenyoa na kuvaa sare mpya, na kesho kutwa tena. Brizzhalov anapofikiri sasa anadhihakiwa, Cherviakov anatoa neno ambalo kwangu ndilo kiini cha hadithi. Anasema angethubutuje kucheka. Watu kama yeye wakianza kucheka, heshima kwa wakubwa itakwisha. Yaani anamlinda Brizzhalov dhidi ya Brizzhalov mwenyewe. Mzee anataka kuwa mtu kwa dakika moja, karani hamruhusu. Ndipo anapofukuzwa kwa ukali, anarudi nyumbani, analala kwenye kochi bila kuvua sare, anakufa. Sare haikuvuliwa; Chekhov hakulitia hilo bure.

Kama bado unatilia shaka kwamba Chekhov alikusudia hivyo, "Mnene na Mwembamba" inatoa ushahidi mzuri sana. Marafiki wa shule wanakutana kituo cha reli, wanakumbatiana, wanakumbushana majina ya utani. Mwembamba ni daraja la 8. Kisha mnene anataja kwamba yeye amefika daraja la 3 na ana nishani mbili za nyota. Mwembamba anapauka, anasinyaa, hata mabegi na maboksi yake yanaonekana kunywea, na anaanza kumwita rafiki yake kwa cheo. Mnene anachukizwa, anamsihi aache. Sasa sikia: katika toleo la kwanza la 1883, mnene alikuwa bosi mpya wa mwembamba na alimkaripia. Chekhov alipoitengeneza upya kwa ajili ya kitabu cha 1886, aliliondoa hilo lote. Akaondoa ubosi, akaondoa karipio, akabakiza mgongo unaopinda bila kusukumwa na mtu. Hadithi ikawa na nguvu mara nyingi zaidi.

Mkipenda nyongeza, msome kisa cha Saltykov-Shchedrin, Mrusi mwingine wa zama hizo, cha 1869 cha mkulima mmoja na majenerali wawili waliojikuta kisiwani. Majenerali wanakaribia kufa njaa kati ya samaki na matunda, kwa kuwa maisha yao yote walikaa ofisini. Wanampata mkulima, anawalisha, kisha anasokota kamba ambayo wao wanamfungia ili asitoroke. Ni kifupi, mtakimaliza kwa kikao kimoja.

Haya, "Koti" lako. Usianze na huruma. Najua kila mtu atataka kuanza hapo, na kweli kuna ukurasa mzito ambapo kijana mmoja ofisini anasikia katika maneno ya Akaky, "niacheni, kwa nini mnaniudhi?", maneno mengine: "mimi ni ndugu yako." Wahakiki wamegawanyika juu yake. Wapo wanaoona ndio moyo wa hadithi. Boris Eikhenbaum, katika makala maarufu ya 1919, alisema ukurasa huo ni sehemu ya mchezo wa sauti ya msimulizi, ambaye anakuchekesha halafu ghafla anakuliza. Naona ana haki kuhusu sauti, lakini sikubali kwamba sauti ikicheza huruma inakuwa ya bandia. Gogol mwenyewe aliwahi kuwa karani mdogo St Petersburg. Yote mawili yamo, na kikundi chako kiachwe kibishane.

Mimi ningeanza na yule anayeitwa tu Mtu Mkubwa, ambaye Akaky anamwendea baada ya kuporwa koti la rubli 80 alilolipata kwa kujinyima chai ya jioni na mshumaa. Wengi humsoma kama shetani. Gogol anaandika kwamba alikuwa mtu mwema moyoni, mzuri kwa wenzake, tayari kusaidia, ila cheo cha ujenerali kilimvuruga kabisa. Akiwa na walio sawa naye alikuwa mtu wa kawaida. Akiingia mahali penye mtu wa chini yake hata kwa daraja moja, ulimi unamfunga, hajui asimame vipi. Alifanya mazoezi ya sauti na maneno yake mbele ya kioo. Siku anamfokea Akaky, "Unajua unaongea na nani?", chumbani amekaa rafiki yake wa zamani, naye anataka rafiki aone athari. Uliza kikundi: kelele ile alikuwa anampigia nani?

Kisha nenda kwenye mzimu. Wengine watakwambia sehemu ya mwisho imebandikwa tu. Hapana. Akaky amekufa, na usiku karibu na daraja la kuvukia mto liitwalo Kalinkin maiti ya karani inawavua watu makoti, na Gogol anasema inawavua bila kuangalia cheo: koti lenye manyoya ya paka, ya mbweha, ya dubu, lolote. Katika hadithi nzima ni yeye peke yake asiyeangalia cheo, na imebidi afe kwanza. Anapolipata koti la Mtu Mkubwa anatoweka, pengine, asema msimulizi, kwa sababu lilimwenea vizuri. Na Mtu Mkubwa tangu siku ile akawa hawaulizi walio chini yake wanaongea na nani mara nyingi kama zamani. Hakuacha. Alipunguza. Linganisheni kipimo hicho na matumaini ya kila msomaji mezani, mtakuwa na mazungumzo ya saa nzima.

Mwisho, kuna mahali maandishi yangu hayatoshi. Hadithi hizi ziliandikwa zisikike, na nusu ya mchezo wake umo katika namna watu wanavyoitana. Tafuta mtu wa kukaa naye ana kwa ana. Hapa Afrika Mashariki si vigumu kama unavyofikiri: tangu Chuo Kikuu cha Urafiki cha Patrice Lumumba kilipofunguliwa Moscow mwaka 1960, wengi wa kwetu wamesoma huko, na wapo wahandisi, madaktari na walimu wastaafu ambao Kirusi chao bado kipo. Mwombe mmoja akusomee kwa sauti, kwa Kirusi, ukurasa ambao mwembamba anabadilika, nawe umfuate na tafsiri yako. Na kama kuna mwenzako anayehitaji haya kwa ajili ya tasnifu au mtihani wa chuo, asitegemee jibu langu. Aende kwa mhadhiri wake na kitabu mkononi, kwa sababu tafsiri hutofautiana, na hata matoleo ya "Pua" yenyewe hayafanani neno kwa neno pale kanisani.

Kwa zamu yako, soma kwa sauti ukurasa wa Mtu Mkubwa mbele ya kioo, kisha nyamaza uwaache wenzako waseme. Ukikwama tena, niandikie.